Kuchota Mwenyewe au Kununua Pensheni ya Maisha: Ipi Itakukinga Usiishiwe Uzeeni?

Miezi michache kabla hujastaafu, kampuni inayotunza akiba yako binafsi ya pensheni itakuletea fomu inayouliza jambo moja: tukulipeje? Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini majibu kwa kawaida ni matatu. Uchukue zote kwa mkupuo. Uziache zimewekezwa, uwe unachota kidogo kidogo. Au uzikabidhi kwa kampuni ya bima, nayo ikulipe kila mwezi hadi siku utakayofariki; hiyo ndiyo pensheni ya maisha.

Wengi hutazama tarakimu iliyoandikwa mbele ya kila jibu na kuchagua iliyo kubwa. Tarakimu hizo hazilinganishiki. Moja ni ahadi ya kampuni, nyingine ni makisio ya soko, na ya tatu ni mtaji wako mwenyewe unaorudishiwa. Swali linalofaa kuulizwa ni nani atabeba hasara iwapo utaishi miaka mingi kuliko ulivyotarajia. Kwa mkupuo na kwa kuchota, utaibeba wewe. Kwa pensheni ya maisha, itabebwa na kampuni ya bima, na huduma hiyo unailipia.

Mkupuo, kwa ufupi

Sitakaa sana hapa. Mkupuo unamfaa mwenye deni la riba kubwa, mgonjwa ambaye daktari amemwambia miaka yake ni michache, au mwenye akiba ndogo kiasi kwamba hata ikigawanywa haileti malipo ya maana. Wengine wote wanaochukua mkupuo huishia kuchota tu, tena bila kanuni. Kodi nayo husahaulika. Nchini Uingereza, tangu sheria ilipolegezwa Aprili 2015, mstaafu anaweza kuchukua akiba yote kwa siku moja, ila kwa kawaida robo yake tu ndiyo haikatwi kodi. Robo tatu zinazobaki huhesabiwa kuwa kipato cha mwaka huo, na mtu ambaye maisha yake yote hakugusa daraja la juu la kodi hujikuta analigusa mwaka wa kwanza wa kustaafu.

Halafu fedha iliyo mkononi ina ndugu wengi.

Umri ndio usiojulikana

Wanaopanga uzee huuliza wastani wa umri wa kuishi kwa mtu wa rika lao, wakaambiwa tuseme miaka 84, basi wakapanga akiba iishe wakiwa na miaka 84. Lakini wastani ni kitu cha katikati. Katika kundi la wastaafu wa rika moja, karibu nusu watauvuka, na baadhi watauvuka kwa mbali. Anayepanga kwa wastani amekubali uwezekano unaokaribia nusu kwa nusu wa kuishiwa akiwa hai.

Kwa wanandoa hali ni nzito zaidi. Tuseme kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kufika miaka 90. Uwezekano kwamba wote wawili watakuwa wamefariki kabla ya hapo ni 0.75 mara 0.75, yaani kama asilimia 56. Basi kuna karibu asilimia 44 kwamba angalau mmoja wao atakuwepo, akihitaji kula, dawa na pa kulala. Akiba ya wanandoa ipangiwe yule atakayebaki mwisho.

Kisa cha Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, husimuliwa kama kichekesho, ingawa ni somo zuri la bima. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, alikubaliana na mwanasheria mmoja wa mji huo: mwanasheria amlipe faranga 2,500 kila mwezi hadi afe, kisha nyumba iwe yake. Mnunuzi alikuwa na miaka 47, na kwa hesabu ya kawaida alikuwa amepata nyumba ya bei ya chini. Akalipa miaka 30, akafariki mwaka 1995 kabla ya kuingia, na mjane wake akaendelea kulipa. Calment alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Mwanasheria yule alibeba peke yake hatari ambayo kampuni ya bima huitandaza kwa maelfu ya watu. Mstaafu anayechota akiba yake naye yuko peke yake vivyo hivyo, ila yeye anaweka dau juu ya maisha yake mwenyewe.

Kuchota: miaka mingapi?

Tuanze na hesabu rahisi. Akiba ni 1,000,000, sarafu yoyote. Unachota kiasi kilekile cha thamani kila mwaka, yaani unakipandisha kadiri bei zinavyopanda. Faida iliyo kwenye jedwali ni ile inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei na ada.

| Unachota kwa mwaka | Faida halisi 0% | Faida halisi 2% | Faida halisi 3% |
|---|---|---|---|
| 40,000 | miaka 25 | miaka 35 | karibu miaka 47 |
| 50,000 | miaka 20 | karibu miaka 26 | miaka 31 |
| 60,000 | karibu miaka 17 | miaka 20 na nusu | zaidi kidogo ya miaka 23 |
| 80,000 | miaka 12 na nusu | miaka 14 na nusu | karibu miaka 16 |

Usome mstari wa 50,000 kutoka kulia kwenda kushoto. Uwekezaji wako ukizaa asilimia 3 halisi, una miaka 31. Ada za uendeshaji zikiongezeka kwa asilimia 1 tu, faida inashuka hadi 2 na unabaki na miaka 26. Asilimia moja iliyoandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho wa mkataba imekula miaka mitano ya uzee wako. Kama kuna jambo moja la kumbana nalo wakala anayekuuzia mpango wa kuchota, ni hilo: jumla ya ada zote kwa mwaka ni asilimia ngapi? Akikutajia ada ya mfuko peke yake, muulize ya ushauri, ya jukwaa na ya miamala.

Mstari wa mwisho nao una lake. Ukichota 80,000, faida nzuri haikuokoi. Kati ya kutopata faida yoyote na kupata asilimia 3 halisi kila mwaka, tofauti haifiki miaka minne. Akiba inayochotwa haraka hivyo haipati muda wa kuzaa. Bandu bandu huisha gogo, na hapa panga ni kubwa.

Jedwali hilo lina udanganyifu mmoja, kwa kuwa linadhani faida huja sawasawa kila mwaka. Soko halifanyi hivyo, na mpangilio wa miaka mizuri na mibaya una uzito kuliko wastani wake. Chukua wastaafu wawili, kila mmoja na 1,000,000, wote wakichota 60,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Wa kwanza anakutana na soko hivi: hasara ya asilimia 20, hasara ya 10, faida ya 5, faida ya 15, faida ya 25. Wa pili anapata miaka ileile kwa mpangilio wa kinyume, mizuri kwanza.

Kama wasingechota chochote, wote wawili wangemaliza na 1,086,750, sawa kabisa. Kwa kuwa wamechota, wa kwanza anabaki na 688,226 na wa pili ana 832,821. Tofauti inakaribia 145,000, zaidi ya posho ya miaka miwili, na hakuna aliyekuwa mwerevu kuliko mwenzake. Wa kwanza alilazimika kuuza vipande vingi vya mfuko wake vilipokuwa bei ya chini, na soko lilipopanda vipande hivyo havikuwepo tena. Ndiyo maana miaka mitano hadi kumi ya mwanzo wa kustaafu ndiyo ya hatari kubwa kwa anayechota. Hasara ikikukuta na miaka 85 huwa ni maumivu. Ikikukuta na miaka 62 inaweza kuamua utakula nini ukiwa na 85.

Asilimia 4, na masharti yake

Mwaka 1994 William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, alirudi kwenye takwimu za masoko ya nchi hiyo tangu 1926. Alitaka kujua mstaafu angeweza kuchota kiasi gani mwaka wa kwanza, kisha akakipandisha kwa mfumuko wa bei kila mwaka, bila kuishiwa ndani ya miaka 30, hata kama alistaafu wakati mbaya kuliko nyakati zote. Jibu lilikuwa asilimia 4 na kidogo. Baadaye aliingiza aina nyingine za hisa kwenye hesabu, akaipandisha hadi 4.5, kisha 4.7.

Walioumia zaidi katika takwimu zake walistaafu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakakutana na soko dhaifu na mfumuko mkali wa bei wa miaka ya 1970 kwa pamoja. Hata waliostaafu karibu na anguko la soko la hisa la 1929 hawakubanwa hivyo, kwa sababu wakati ule bei za bidhaa zilishuka pia. Mfumuko wa bei humuumiza mstaafu polepole, na wengi hawauogopi kadiri wanavyoogopa anguko la soko.

Siku hizi asilimia 4 hutajwa kama sheria ya maumbile, na masharti yake yanaachwa njiani. Ilipimwa kwa soko la Marekani, lililokuwa miongoni mwa masoko yaliyofanya vizuri zaidi duniani karne iliyopita. Ilidhani angalau nusu ya akiba iko kwenye hisa, na haikuhesabu ada. Tena ilikuwa ya miaka 30. Anayestaafu na miaka 55 anahitaji zaidi ya hapo. Mwenye akiba iliyolala yote kwenye amana za benki hawezi kuitegemea hata kidogo.

Namna tatu za kuchota

Wanaosema tu "mimi nachota" huchanganya mambo matatu tofauti.

Ya kwanza ni kiasi kisichobadilika, kama cha Bengen. Posho ni ileile kwa thamani, na unaweza kupanga maisha. Ubaya wake ni kwamba haitazami akiba inasemaje: inaendelea kuchota 60,000 soko likiwa limeporomoka, kama vile hakuna kilichotokea. Hii ndiyo namna inayoweza kukufikisha sifuri.

Ya pili ni asilimia ya kilichobaki. Ukichota asilimia 5 ya salio kila mwaka, kihesabu huwezi kuishiwa kabisa. Watu husikia hivyo wakafurahi, lakini tumrudie yule mstaafu wa kwanza. Mwaka wa kwanza anapata 50,000. Salio la 950,000 linapungua kwa asilimia 20, linakuwa 760,000, na posho inashuka hadi 38,000. Linapungua tena kwa 10, na mwaka wa tatu anapokea 32,490. Hajaishiwa, lakini ndani ya miaka miwili amepoteza zaidi ya theluthi ya kipato. Kama kodi ya nyumba na dawa peke yake ni 40,000, tofauti yake na aliyeishiwa ni ndogo.

Ya tatu ni asilimia inayopanda na umri, kwa mantiki kwamba kadiri unavyozeeka, miaka inayobaki ni michache. Australia inaitumia kama kiwango cha chini cha lazima kwa akaunti za pensheni: asilimia 4 kabla ya miaka 65, asilimia 5 kuanzia 65 hadi 74, 6 hadi miaka 79, 7 hadi 84, 9 hadi 89, 11 hadi 94, na 14 kuanzia miaka 95. Serikali iliiweka ili akiba zilizopewa nafuu ya kodi zitumike uzeeni badala ya kulimbikizwa. Hata hivyo ngazi yenyewe ni mwongozo mzuri kuliko asilimia moja ya maisha yote, na naipendelea kuliko hizo mbili za mwanzo.

Kuna na wale wanaoogopa kuishiwa kiasi kwamba hawachoti. Wanajinyima matibabu na safari za kuona wajukuu, wanafariki, na salio linakutwa karibu lote. Hiyo nayo ni hasara, ingawa haionekani kwenye jedwali lolote.

Pensheni ya maisha inafanyaje kazi

Kampuni inachukua akiba yako na kukuahidi malipo hadi ufariki. Kinachoiwezesha kulipa kuliko ambavyo wewe peke yako ungethubutu kujilipa ni kifo cha wengine. Ni mkavu mno usemi huu, lakini ndiyo hesabu yenyewe. Chukua watu 100 wa miaka 80, kila mmoja ameweka 10,000 kwenye chungu kimoja, na tuseme watano watafariki ndani ya mwaka. Bila uwekezaji wowote, 95 waliobaki wanagawana 1,000,000, kila mmoja 10,526. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 5 ambalo haliko kwenye amana ya benki wala kwenye hisa. Linapatikana tu kwa kukubaliana mapema kwamba anayeondoka anawaachia wanaobaki. Kadiri kundi linavyozeeka ndivyo ongezeko hilo linavyokua, na ndiyo sababu mtu wa miaka 75 hupewa malipo makubwa kuliko wa miaka 60 kwa akiba ileile.

Mwanauchumi Menahem Yaari alionyesha mwaka 1965 kwamba mtu asiye na nia ya kuacha urithi angefaidika kugeuza akiba yake yote kuwa pensheni ya maisha, mradi bei ni ya haki. Watu hawafanyi hivyo. Uingereza ilipolegeza sheria mwaka 2015, mauzo ya pensheni za maisha yaliporomoka. Sababu ni za kibinadamu na si za kijinga: unakabidhi akiba ya miaka 40 kwa saini moja, haurudishiwi ukibadili mawazo, na ukifariki mwaka wa pili familia inaona umeporwa.

Hofu hiyo ya kufariki mapema inaweza kupunguzwa. Unaweza kununua yenye dhamana ya miaka 10, kwamba ukifariki kabla, warithi wataendelea kulipwa hadi muda huo uishe. Unaweza kununua ya watu wawili, mwenzi akaendelea kupokea nusu au theluthi mbili. Kila nyongeza inapunguza malipo ya mwanzo. Kwa mwenye mwenzi anayemtegemea, ya watu wawili naiona ni lazima. Dhamana ya miaka 10 ni ya kutuliza moyo zaidi kuliko kulinda maisha, maana hatari tuliyotoka kuizungumzia ni ya kuishi sana.

Ubaya mkubwa wa pensheni ya maisha uko kwenye mfumuko wa bei. Kampuni nyingi hutanguliza ile ya kiasi kisichopanda, kwa sababu tarakimu yake ya mwanzo inapendeza. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 malipo yako yananunua asilimia 55 tu ya ulichonunua mwanzo. Zikipanda kwa 5, nusu ya thamani imeondoka kabla ya mwaka wa 15, na baada ya miaka 20 imebaki asilimia 38. Fedha haijakuishia, bado inaingia kila mwezi, ila kapu halijai. Pensheni inayopanda kila mwaka huanza chini sana, na watu huikataa kwa kutazama mwezi wa kwanza. Itazame kwa mwezi wa 180.

Jambo jingine ni kwamba ahadi ni ya kampuni, na kampuni inaweza kuyumba. Equitable Life ya Uingereza, iliyoanzishwa 1762, ilifunga milango kwa wateja wapya Desemba 2000 baada ya kushindwa kesi juu ya viwango vya pensheni ilivyokuwa imewaahidi baadhi ya wateja. Walioumia ni pamoja na wastaafu waliokuwa wamenunua pensheni ya maisha inayotegemea faida ya kampuni, malipo yao yakakatwa wakiwa hawana pa kwenda. Kabla ya kusaini, uliza nchi yako ina mfuko wa kuwafidia wateja wa bima kampuni ikifilisika, na unafidia hadi kiasi gani.

Kwa kutazama pamoja

| Jambo | Kuchota | Pensheni ya maisha |
|---|---|---|
| Ukiishi hadi 95 | Inaweza kuwa imeisha, au posho imekuwa ndogo mno | Inaendelea |
| Ukifariki mapema | Salio ni la warithi | Imekwisha, isipokuwa umenunua dhamana au ya watu wawili |
| Bei zikipanda sana | Hisa huweza kufidia kwa muda mrefu | Ya kiasi kisichopanda inayeyuka |
| Soko likianguka mwanzoni | Pigo kubwa | Haikugusi |
| Dharura ya ghafla | Unachota zaidi | Hakuna pa kuchota |
| Kubadili mawazo | Unaweza kununua pensheni ya maisha baadaye | Kwa kawaida huwezi kurudi |
| Kazi ya usimamizi | Kila mwaka, hadi mwisho | Siku ya kuchagua tu |

Mstari wa mwisho ndio usiotajwa na wanaouza mipango ya kuchota. Ukiwa na miaka 65 kusimamia mfuko ni jambo la kawaida: unasoma taarifa, unajua hisa zako na hatifungani (fedha ulizoikopesha serikali au kampuni kwa riba), unapunguza posho mwaka mbaya. Ukiwa na miaka 86 kumbukumbu inaweza kuwa imechoka, na anayepiga simu kwa sauti ya upole akiuliza namba ya siri anaweza asiwe wa benki. Au ni mtoto wako mwenyewe mwenye biashara inayozama. Akaunti yenye salio kubwa chini ya mkono wa mzee asiyekumbuka vizuri ni mtego uliotegwa tayari. Malipo ya kila mwezi yakiibiwa, umeibiwa mwezi mmoja, na mwezi ujao mengine yanaingia. Kwa maoni yangu hoja hii ina uzito kuliko ya faida, na ndiyo inayonifanya niegemee kuwa na pensheni ya maisha kwa kiasi fulani, hata kwa mtu mjuzi wa masoko.

Kuchanganya, na wapi pa kukata

Uamuzi huu haulazimiki kuwa wa yote au hakuna. Orodhesha gharama ambazo haziwezi kusimama: chakula, nyumba, umeme na maji, dawa, bima ya afya. Toa humo pensheni ya serikali kama unayo. Pengo linalobaki ndilo la kununulia pensheni ya maisha, ikiwezekana inayopanda. Kingine chote kichotwe kwa ngazi ya umri.

Kwa mfano, akiba ni 1,000,000, gharama za lazima ni 50,000 kwa mwaka na serikali inalipa 20,000. Pengo ni 30,000. Kampuni ikikupa 6 kwa kila 100, utahitaji 500,000 kuliziba. Nusu nyingine ya akiba inabaki mikononi mwako, na asilimia 4 hadi 5 yake ni 20,000 hadi 25,000 kwa safari, zawadi na ukarabati. Soko likianguka, kinachopungua ni safari. Dawa zinabaki pale pale. Na kwa kuwa chakula hakitegemei soko, sehemu hii ya pili inaweza kukaa kwenye hisa kwa ujasiri zaidi, jambo linaloipa nafasi ya kupambana na mfumuko wa bei.

Si lazima ununue siku ya kustaafu. Kuchota kwa miaka ya kwanza kisha kununua ukiwa na 72 au 75 kuna mantiki, kwa kuwa bei ni nzuri zaidi umri huo. Hatari yake ni ile ya mpangilio wa soko: ukikutana na miaka mibaya mwanzoni, utafika 75 na akiba isiyotosha kununua kitu. Anayechagua njia hii aiweke sehemu ya kununulia kwenye hatifungani na amana, mbali na hisa. Wengine hununua kwa mafungu, theluthi leo na theluthi baada ya miaka mitatu, kwa sababu viwango hufuata riba ya siku ile na hakuna ajuaye riba itaelekea wapi.

Wapo ambao pensheni ya maisha haiwafai kabisa. Mwenye maradhi mazito asinunue ya kawaida. Katika baadhi ya nchi kampuni huuza ya kiwango cha juu kwa wagonjwa na wavutaji sigara, lakini lazima useme, maana fomu isipouliza hawatakupa. Ambaye pensheni ya serikali inatosha gharama zote za lazima tayari ana pensheni ya maisha, na haoni sababu ya kuongeza. Na ambaye akiba yake ni kubwa kiasi kwamba anachota chini ya asilimia 2 anaweza kuendelea hivyo kwa raha.

Ikiwa akiba tayari imeanza kuyumba

Una miaka 78, salio ni 300,000, na unachota 60,000. Kwa faida halisi ya asilimia 2, imebaki miaka mitano na miezi michache. Ukipunguza hadi 40,000 unafika miaka 8. Ukipunguza hadi 30,000 unavuka miaka 11. Kupunguza leo kunauma kuliko kupunguza mwaka kesho, lakini kila 60,000 unayoichukua sasa inafupisha orodha hiyo yote.

Kosa la kawaida hapa ni kuhamishia salio lote kwenye uwekezaji unaoahidi faida kubwa ili kufidia kilichopotea. Akiba ya miaka mitano haina muda wa kusubiri soko lirudi, na matapeli wanalijua hilo kuliko wewe.

Badala yake, omba bei ya pensheni ya maisha kwa umri wako wa sasa. Wengi wenye miaka 78 hawaulizi, kwa kukumbuka kiwango walichokikataa wakiwa na 62. Kiwango cha leo ni tofauti sana, kwa sababu ya hesabu ya wale watu 100. Omba kwa kampuni tatu au nne, siku ileile, kwa masharti yaleyale: ya mtu mmoja na ya wawili, isiyopanda na inayopanda. Waambie maradhi yako yote. Kisha gawa malipo ya mwaka kwa kiasi utakachotoa, ujue nani ana kiwango kizuri, ulinganishe malipo hayo na gharama zako za lazima, na mwenzi wako awepo mezani mnapofanya hesabu hiyo.